Tusingoje ngozi ibabuke

Tangu mwaka 2020, chama cha madaktari wa baridi yabisi na magonjwa ya viungo cha Marekani kinawashauri wanachama wake wafanye jambo moja kabla ya kumwandikia Mmarekani mwenye asili ya Afrika dawa ya alopurinoli kwa ajili ya jongo, au gauti kama wengi wanavyouita ugonjwa huo. Wampime kwanza kama amerithi jeni iitwayo HLA-B*58:01. Ushauri huo unawahusu pia wenye asili ya Wachina wa Han, Wakorea na Wathai. Mwenye jeni hiyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubabuka ngozi, kuharibikiwa ini na figo, na hata kufa, kwa kidonge ambacho watu wengine hukimeza miaka na miaka bila shida yoyote.

Dawa hiyo hiyo inauzwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Sisi tunaoishi katika bara walikotoka mababu wa Wamarekani hao hatupimwi, na wengi wetu hatuulizwi hata swali moja kabla ya kukabidhiwa pakiti. Tunaona hali hii haikubaliki. Tunaona pia kwamba nchi zetu zina uwezo wa kuibadilisha, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mashine mpya.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana neno aleji limebebeshwa kila kitu. Mtu akiharisha baada ya kumeza antibiotiki anasema ana aleji; akipata kichefuchefu, ni aleji pia. Hayo ni maudhi ya dawa na mengi hupita. Mzio ni pale kinga ya mwili yenyewe inapoamka na kupigana kwa sababu ya dawa. Upo mzio wa papo hapo: mtu anachomwa sindano ya penisilini, dakika chache baadaye midomo imevimba, pumzi inakata, presha inashuka. Upo na ule unaochelewa, unaojitokeza baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa, na huo ndio ambao elimu ya jeni imeufafanua zaidi.

Ule mbaya kabisa kati ya hiyo inayochelewa huanza kama mafua mazito. Homa inapanda, koo linauma, macho yanawasha. Kisha yanatokea madoa, ambayo kwenye ngozi nyeusi huonekana ya zambarau au meusi zaidi kuliko ngozi yenyewe, si mekundu kama vitabu vingi vinavyoeleza. Yanakuja malengelenge, vidonda mdomoni na sehemu za siri, halafu ngozi inaanza kubanduka. Watu wetu husema mgonjwa ameungua na dawa, na wako sahihi, kwani wodini huhudumiwa kama majeruhi wa moto. Madaktari wawili wa New York, Albert Stevens na Frank Johnson, walieleza hali hiyo mwaka 1922 na ikapewa majina yao. Inapobabua zaidi ya asilimia 30 ya ngozi ya mwili, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hufariki. Wanaopona, baadhi yao hubaki na makovu ya macho na wengine hupofuka.

Kwa nini dawa moja imbabue huyu na kumponya jirani yake? Kwenye uso wa karibu kila seli ya mwili kuna protini za HLA. Kazi yake ni kushika vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvitoa nje vionekane, ili seli za kinga zikipita zikague, kama mlinzi wa getini anavyokagua vitambulisho. Kipande cha mwili wenyewe kinapita salama, kipande cha virusi kinaleta mashambulizi. Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6. Tunapata seti moja kwa baba na nyingine kwa mama, na duniani zipo aina maelfu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha jinsi dawa inavyoweza kuuvuruga ukaguzi huo. Molekuli ya abakaviri, dawa ya VVU, huingia kwenye kishimo cha protini ya HLA-B*57:01 na kukibadili umbo, kisha protini hiyo huanza kushika na kuonyesha vipande ambavyo seli za kinga hazijawahi kuviona. Kinga inaushambulia mwili wake yenyewe. Kwa mtu asiye na aina hiyo ya HLA, abakaviri haipati mahali pa kukaa namna hiyo.

Habari ya abakaviri ndiyo inayotupa matumaini zaidi. Dawa hiyo ilipoanza kutumika, kati ya wagonjwa 5 na 8 katika kila 100 walipata homa, vipele, kutapika na kukosa pumzi, na aliyerudia kuimeza baada ya kuiacha aliweza kufa. Mwaka 2002 timu ya Simon Mallal huko Perth, Australia, iliripoti kwamba kati ya wagonjwa 18 waliopata mzio huo, 14 walikuwa na HLA-B*57:01, na kati ya 167 walioivumilia dawa ni 4 tu waliokuwa nayo. Hawakuishia hapo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wagonjwa 1,956 katika nchi 19. Nusu walipimwa jeni kabla ya kupewa dawa, na wenye jeni hiyo wakapewa dawa nyingine. Katika kundi hilo mzio uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi haukutokea kwa mtu hata mmoja. Katika kundi ambalo halikuchujwa, ulitokea kwa asilimia 2.7. Ni nadra katika tiba kuona hatari ikifutika kabisa kwa kipimo kimoja cha maabara.

Hapa Afrika tuliambiwa kwamba jeni hiyo ni ya Wazungu zaidi na kwamba sisi hatuna haja ya kuhangaika. Kwa wengi wetu ni kweli. Utafiti wa dawa za VVU kwa watoto 1,206 wa Uganda na Zimbabwe, uliochapishwa mwaka 2013, uliona mzio wa abakaviri mara chache sana. Lakini zipo sampuli nyingine. Vinasaba vya Waluhya wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa, wote wa Kenya, vilipochunguzwa katika mradi wa kimataifa wa ramani ya vinasaba, HLA-B*57:01 ilionekana kwa kiwango cha takriban asilimia 3 kwa Waluhya na takriban asilimia 13 kwa Wamasai. Kwa Wayoruba wa Nigeria waliopimwa katika mradi huo haikuonekana kabisa. Yaani kiwango cha Wamasai kilizidi kile kinachotajwa kwa Wazungu wa Ulaya.

Tunaomba takwimu hizo zisomwe kwa makini, kwa sababu abakaviri leo ni mojawapo ya dawa wanazopewa watoto wenye VVU katika ukanda wetu, na inawasaidia sana. Hatusemi mtoto wa Kimasai asipewe. Tunasema muuguzi wa Narok au Monduli anastahili kujua kwamba mtoto aliyeanza abakaviri wiki mbili zilizopita, akaja na homa, vipele na kutapika, huenda hana malaria wala kirusi cha mafua. Na tunasema kwamba neno Mwafrika, likiandikwa kwenye kijikaratasi ndani ya pakiti ya dawa, halimwelezi chochote muuguzi huyo. Kati ya Webuye na Kinyawa ni safari ya siku moja kwa basi.

Bara la Asia lilikataa kusubiri kuelezwa na wengine. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwachunguza wagonjwa 44 waliobabuka kwa karbamazepini, dawa ya kifafa ambayo wengi tunaijua kwa jina la Tegretol. Wote 44 walikuwa na HLA-B*15:02. Kati ya 101 walioitumia bila shida, walikuwa nayo 3. Mwaka uliofuata, watafiti wa Taiwan walionyesha uhusiano kama huo kati ya alopurinoli na HLA-B*58:01: wote 51 waliodhurika walikuwa nayo, ingawa hata kati ya walioivumilia dawa ilikuwepo kwa takriban asilimia 15. Baadaye wakapima watu 4,877 kabla ya kuwaanzishia karbamazepini. Asilimia 7.7 walikutwa na HLA-B*15:02 na wakapewa dawa nyingine. Kwa uzoefu wa miaka ya nyuma, watu kama 10 katika kundi la ukubwa huo wangebabuka, lakini hakubabuka hata mmoja. Thailand wamefika mbali zaidi: bima ya umma inalipia kipimo hicho, na katika hospitali ya Ramathibodi jijini Bangkok mgonjwa hupewa kadi ya kuweka kwenye pochi, yenye majibu ya jeni zake na majina ya dawa za kuepuka.

HLA-B*15:02 ni nadra sana kwa Waafrika. Hata hivyo, maelezo rasmi ya karbamazepini nchini Marekani yanasema watu wa Asia ya Kusini, Wahindi wakiwemo, huwa nayo kwa wastani wa asilimia 2 hadi 4. Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala zina jamii kubwa zenye asili hiyo, zilizokaa hapa vizazi na vizazi. Daktari wa kifafa anayefanya kazi kwenye miji hiyo ana sababu ya kuuliza asili ya mgonjwa wake bila kuona haya.

Historia yetu wenyewe ina somo kubwa, nalo linatoka Nairobi. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakitumia thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika kote Afrika Mashariki. Kati ya wenye VVU, mmoja katika kila watano alipata mzio wa ngozi. Kati ya wasio na VVU, alikuwa mmoja katika kila mia. Baadhi ya wagonjwa walikufa ngozi ikiwa imebanduka. Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo isitumike kwa wenye VVU, na nchi zikaibadilisha. Maisha mengi yaliokolewa kwa sababu mtu fulani katika wodi za Nairobi alihesabu na kuandika. Tukio hilo linatukumbusha pia kwamba jeni si kila kitu. VVU, figo dhaifu na dozi kubwa ya kuanzia navyo huamua nani atadhurika.

Malawi nao walifanya kazi ya kuigwa. Nevirapini ilipokuwa katika tiba ya kwanza ya VVU katika nchi zetu nyingi, baadhi ya wagonjwa walibabuka vibaya. Madaktari wa Malawi, wakishirikiana na watafiti wa Liverpool, walikusanya damu za wagonjwa hao, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mwenye HLA-C*04:01 alikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kupata hali hiyo. Tanzania kwa upande wake ilitumia SP, dawa yenye salfa, kama tiba ya kwanza ya malaria kuanzia mwaka 2001 hadi dawa ya mseto ilipoingia mwishoni mwa 2006. Kumbukumbu ya hofu ya salfa ipo bado katika familia nyingi. Kila aliyebabuka na kupona miaka ile alibeba jibu kwenye damu yake, na jibu hilo lilistahili kutafutwa. (Wajawazito wanaopewa SP kliniki leo waendelee kuimeza. Mzio mkali kwa dozi hizo ni nadra mno, na malaria ya mimba inaua.)

Tatizo ni pana kuliko dawa moja. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika tafiti kubwa za kulinganisha vinasaba na magonjwa, asilimia 78 ya washiriki walikuwa na asili ya Ulaya, asilimia 10 Asia, na asilimia 2 tu Afrika. Ndiyo sababu vipimo vingi vinavyouzwa vinatafuta jeni za watu wengine. Tukivinunua kama vilivyo, vitatupa majibu ya kutuliza moyo ambayo hayatulindi.

Kwa hiyo tunataka nini? Tunaanza na alopurinoli, kwa sababu hapo ushahidi umeshatugusa. Kwa takwimu walizotumia madaktari wa Marekani, HLA-B*58:01 inapatikana kwa asilimia 3.8 ya Wamarekani weusi, ikilinganishwa na asilimia 0.7 ya weupe. Jongo linaongezeka mijini pamoja na presha, uzito na maradhi ya figo. Nao watu wengi wanaandikiwa alopurinoli kwa sababu tu kipimo kimesema asidi ya yuriki imepanda, bila kiungo hata kimoja kuwahi kuvimba. Hao kwa kawaida hawaihitaji. Mgonjwa asiyepewa dawa asiyoihitaji hawezi kubabuka kwayo, na kinga hiyo haigharimu hata senti. Anayeihitaji kweli aanze na miligramu 100 au chini ya hapo, na mwenye figo dhaifu aanze chini zaidi, wala si kidonge cha 300 siku ya kwanza. Hatua hizo zinaweza kuanza Jumatatu ijayo.

Kisha kipimo. Tunajua hoja ya gharama, na si hoja ya kupuuzwa. Wengi wenye HLA-B*58:01 humeza alopurinoli wasidhurike, hivyo utawanyima dawa watu kadhaa ili kumwokoa mmoja. Dawa mbadala nazo zina bei na madhara yake. Valpuroeti, kwa mfano, inaweza kumkinga mgonjwa wa kifafa na karbamazepini, lakini ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Tena, kukosa jeni inayojulikana si hati ya usalama kwa kila dawa. Yote hayo ni kweli. Lakini jeni hazibadiliki. Kipimo cha HLA ni kimoja kwa maisha yote, na majibu yake yanahusu dawa zaidi ya moja. Wala utaalamu wake si mgeni kwetu: hospitali ya Muhimbili imepandikiza figo tangu mwaka 2017, na kabla ya upandikizaji HLA za anayetoa na anayepokea hulinganishwa. Ni jeni hizi hizi. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, Kenya ilianzisha mfuko wake mpya mwaka 2024. Wanaopanga mafao ya bima hizo waweke kipimo hiki mezani, waanze na wenye hatari kubwa: mwenye jongo na figo dhaifu, na mgonjwa wa kifafa mwenye asili ya Asia.

Lakini lipo jambo ambalo kwetu ni la haraka kuliko maabara, nalo ni kumbukumbu. Mgonjwa aliyebabuka anaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi iliyoandikwa "mzio wa dawa", bila jina la dawa. Daftari linapotea. Mwaka unaofuata, katika zahanati nyingine, anapewa dawa ile ile au ndugu yake. Aliyedhurika na karbamazepini asipewe fenitoini wala fenobabitali, kwa sababu dawa hizo tatu zina umbo la kufanana na kinga iliyoamshwa na moja inaweza kuamshwa na nyingine. Katika vituo vyetu fenobabitali ndiyo ya kwanza kukimbiliwa. Kila aliyepata mzio mkali apewe kadi ngumu yenye jina la dawa, tarehe, kilichotokea na dawa za kuepuka. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe na itumwe kwa mamlaka ya dawa, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Na kwa ridhaa yake, damu yake ihifadhiwe hapa hapa kwetu kwa uchunguzi wa jeni, kama walivyofanya Malawi. Hospitali za rufaa za nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikikusanya kwa utaratibu mmoja, baada ya miaka michache tutakuwa na orodha yetu wenyewe ya jeni hatari.

Familia nazo zina sehemu yao. Kwa kuwa HLA hurithiwa, ndugu wa tumbo moja wa aliye na jeni hatari ana uwezekano wa angalau nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Hata hivyo mtu akibabuka, mara nyingi habari hufichwa. Jirani anasema ni UKIMWI, shangazi anasema amerogwa, na watoto wanakua bila kujua kwamba baba yao aliungua na kidonge fulani. Lisemwe wazi nyumbani, kwa jina la dawa. Na kila tabibu na mfamasia, hata yule wa duka la dawa muhimu kijijini, aulize kabla ya kutoa alopurinoli, karbamazepini, fenitoini au salfa: je, wewe au ndugu yako wa damu amewahi kuungua na dawa?

Miongozo ya tiba na orodha za dawa muhimu hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Zitakapopitiwa tena, tunataka kando ya jina la alopurinoli na la karbamazepini paandikwe nani apimwe, nani aulizwe nini na dozi ianzie wapi. Kabla ya hapo, yeyote aliyeanza dawa mpya ndani ya wiki nane zilizopita, akaona homa pamoja na vipele, macho mekundu au vidonda mdomoni, aende hospitali siku hiyo hiyo na pakiti ya dawa mkononi, na asimeze dozi nyingine kabla ya kuonana na daktari.